Usifungue Mfuko wa Mzee

Shiro, wewe ndiye uliyeniomba, kwa hivyo nakuandikia wewe, na wale wenzako wawili mlioajiriwa pamoja nyumba ya wazee wasome begani kwako. Ulikuja kwangu Kianda, hapa Kibera, wiki jana na mkate na ndizi, ukakaa kitandani kwangu kwa sababu kiti kilikuwa kimejaa nguo, ukasema, "Mathe, pale tunafunzwa tu kuvaa glavu na kujaza fomu. Si utuandikie vile nyinyi mlikuwa mnafanya?" Nikasema sawa kabla sijafikiri. Niliacha shule darasa la sita, na kitu kirefu nilichowahi kuandika ni orodha ya nguo za kufua. Lakini nimeshanunua daftari la kurasa tisini na sita, na siwezi kuliacha tupu.

Mtanisamehe nikirukaruka. Nimeandika mistari hiyo hapo juu nikainuka mara mbili kuangalia sufuria ambayo haina kitu. Tangu Joel aje siwezi kutulia. Joel ni kitinda mimba wetu, na anataka jibu Jumapili. Leo ni Jumatano. Yeye na wale wengine watatu wameshauriana kwa simu, huyu akiwa Kitengela, yule Eldoret, wakakubaliana kwamba dada yao mkubwa sasa aende nyumba ya wazee. Na si nyumba nyingine, ni hiyo yenu ya Kawangware, niliyofanyia kazi miaka ishirini na miwili. Kitanda wameshaahidiwa: kile cha dirishani, chumba cha wanawake. Nimekitandika kitanda hicho mara nyingi kuliko changu. Najua ni nani wamelala pale, na najua kila mmoja aliondoka vipi.

Kwa hivyo nikiwaeleza uzuri na ubaya wa nyumba hiyo, msidhani nawafunza tu. Napima langu pia.

Sikuanza kwa kulea mtu. Niliajiriwa kufua. Kufua nilikujua tangu utotoni, na sababu yake ni hii. Baba alikufa, mama akamfuata mwaka uliofuata, mimi nikiwa na miaka kumi na minne. Tulimzika nyumbani, upande wa Bungoma, na siku chache baadaye watu wazima wakakaa kugawa. Kwetu, mtu akishazikwa nguo zake hutolewa sandukuni zikapangwa mkekani mbele ya ukoo, kila mtu akapewa yake. Nguo za mama zikaisha. Kisha wakatugawa sisi. Kila mdogo wangu alifungiwa vitu vyake kwenye mfuko wake: huyu kwa mjomba, huyu kwa shangazi, na Joel, aliyekuwa bado anatambaa, apelekwe kwa mama mmoja asiye na mtoto. Mimi sikufungiwa kitu. Mimi mkubwa, nitafute kazi.

Walipoingia kula, nilifungua mifuko yote minne, nikarudisha nguo zote katika sanduku la bati la mama, nikalikalia. Walinivuta mikono. Walinitukana. Mwishowe wakachoka, na sisi watano tukarudi Kianda kwenye chumba alichokuwa amepanga baba. Nilifulia watu nguo mpaka wote wanne wakasoma, wakaoa, wakaolewa. Sanduku lenyewe liko chini ya kitanda hiki. Kutu imekula kona moja.

Basi, kazi. Nilipofika Kawangware nilimkuta Mama Kyalo, mama wa Kitui, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Yeye ndiye aliyenifunza karibu yote. Siku hizo nguo za wazee ziliandikwa majina kwa kalamu, na zikifuliwa mara tatu jina linabaki ukungu. Kila Jumatatu vita. Sweta ya huyu iko mwilini mwa yule, na yule anaapa alinunuliwa na mwanawe. Mama Kyalo akanitazama nikishona kifungo changu, akasema, "Nanjala, mkono wako unajua sindano. Wape hawa watu rangi." Tukampa kila mzee rangi yake ya uzi, mishono mitatu kwenye pindo la ndani. Nyekundu ya fulani, kijani ya fulani. Mzee asiyejua kusoma aligeuza pindo akaona yake. Vita vya sweta vikaisha. Vita vingine havikuisha, lakini hivyo viliisha.

Baadaye mlezi mmoja aliacha kazi nikapandishwa. Na mwezi ule ule nikafanya kosa ambalo bado linaniinua kwenye kiti.

Aliletwa Mzee Wekesa. Fundi wa mbao, ameishi Mashimoni, hapa hapa Kibera, miaka yake yote ya Nairobi, asili yake Bungoma kama mimi. Mke wa mwanawe alimleta mchana, akamsalimia kila mtu mara mbili, akaondoka haraka. Mzee alikuwa na mfuko mmoja wa turubai, umefungwa kwa kamba. Tukamweka barazani apate chai. Mimi, kwa bidii yangu ya mtu mpya, nikasema nimshangaze. Nikafungua mfuko. Nikatundika mashati, nikapanga soksi, futi yake ya kupimia na penseli nikaziweka kwenye kabati. Ndani kabisa kulikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, limekunjwa ndani ya gazeti. Hilo nalo nikalitandaza kitandani ili mikunjo itoke. Nikamwita aone.

Alisimama mlangoni. Akaangalia kitanda, akaangalia ukuta wenye mashati.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mtu, Mzee. Nimekupangia tu vitu vyako."

"Umenipangia." Akanigeukia. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia jina la baba na kijiji chetu.

"Basi unajua," akasema, akageuka, akaenda kuketi kwenye benchi la getini na koti lake. Kwa siku tatu hakutia chakula mdomoni, ila maji. Hakulia, hakugombana. Alikaa tu kama mtu ambaye tayari wamemzika na kumgawa.

Mama Kyalo aliponiuliza kulikoni nikamweleza, alishika kiuno. "Wewe Mluhya mzima! Mimi Mkamba ndio nikufundishe ya kwenu?" Kisha akashusha sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra. "Rudisha kila kitu. Vile vile kilivyokuwa. Gazeti vile vile."

Nilirudisha. Nilikuwa nimesahau fundo la kamba lilivyokaa, nikalifunga na kulifungua mara sijui ngapi. Nikaubeba mfuko hadi getini, nikauweka kwenye benchi kando yake, nikamwambia, "Mzee, nimekosa. Mfuko wako huu." Alilikagua lile fundo, akalifungua, akalifunga vizuri. Halafu akasema mlango wa bafu unalia, na kwamba nyumba yenye wanaume wazima haifai kuwa na mlango wa namna hiyo. Nikamuuliza anahitaji nini. Akahitaji futi yake, akaitoa mwenyewe.

Hicho ndicho kilichotoka kwanza. Kikombe kilitoka wiki iliyofuata. Mashati, moja moja. Mfuko ulikaa juu ya kiti karibu na kichwa chake na sisi tulifagia kuuzunguka. Aliishi nasi miaka miwili, akarekebisha kila mlango. Shati jeupe halikutoka. Nililitoa mimi, siku ya kumvalisha.

Tangu hapo ikawa sheria ya Mama Kyalo, haikuandikwa popote: mfuko wa mzee hufunguliwa na mwenyewe. Ukikaa mwezi mzima, ukae. Mtu ambaye mfuko wake umefungwa bado yuko safarini, na mtu aliye safarini ana mahali pa kurudi, hata kama ni kichwani tu.

Nimeinuka tena. Nimechungulia njia, nimerudi. Mengine haya niwape harakaharaka kabla sijasahau.

Ongea kabla ya kugusa. Njoo kutoka mbele. Maji jaribu kwa kiwiko, si kwa kiganja, viganja vyetu vya kufua vimekufa. Kuogesha anza na miguu, mtu azoee maji kabla hayajafika kifuani. Kucha usikate kavu. Ukimlisha mtu, kaa chini, uso wako uwe sawa na wake. Ukisimama juu yake anameza haraka ili uondoke, halafu anakabwa. Na usivuruge ugali ndani ya mchuzi ukauita chakula. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza kama nimemletea ng'ombe wangu chakula au yeye.

Sasa uzuri wa nyumba hiyo, kwa sababu watu wengi wa Kibera wakisikia nyumba ya wazee wanasema, "Ai, ametupwa." Si kweli, au si kweli yote. Kitanda cha dirishani ninachotakiwa kulalia kilikuwa cha Shosho Wairimu. Cha jirani kilikuwa cha Mama Atieno. Wairimu alitaka dirisha wazi, Atieno alitaka limefungwa, na walibishana kuanzia uji hadi chakula cha jioni.

"Huyu anataka kuniua na upepo."

"Wewe huwezi kufa, umekataliwa huko."

Nilimwendea metroni, msimamizi wa nyumba, nikaomba tuwatenganishe. Mama Kyalo akacheka. Akasema nikiwatenganisha nitawazika wote wawili mwezi mmoja. Kisha Atieno akalazwa hospitali. Siku ya kwanza nikaingia, nikakuta dirisha limefungwa, Wairimu yuko peke yake chumbani, jasho linamtoka. Nikataka kulifungua. "Wacha hivyo," akasema. "Huyo mama akirudi akute baridi, si ataanza kelele zake?"

Hapo ndipo nilipoelewa nyumba ile inatoa nini. Dawa kwa wakati, ndiyo. Uji wa moto, ndiyo. Lakini zaidi inatoa mtu wa kubishana naye. Nimeona wazee hapa Kianda, Mashimoni, hata kule Silanga karibu na bwawa, wanaokaa siku nzima bila mtu wa kuwaambia wamekosea. Wanatiwa chakula, wanafungiwa mlango, watu wanaenda kazini. Hiyo nayo inaitwa kukaa nyumbani.

Ubaya nao ninaujua, na sitauficha ati kwa sababu palinilisha. Chakula cha jioni kinaletwa saa kumi na moja, jua bado linawaka, kwa sababu zamu inabadilishwa saa kumi na mbili na wapishi wanataka kuosha vyombo. Miaka yote hiyo sikuona mzee hata mmoja aliyekuwa na njaa saa kumi na moja. Kila mwanamke anaitwa shosho, yaani nyanya, hata ambaye hana mjukuu wala mtoto, hata mama wa Kitui ambaye kwao neno si hilo. Muulizeni mtu jina lake, mlitumie. Vikundi vinakuja Jumamosi na unga, vinaimba, halafu vinapanga wazee mstari kupigwa picha. Mzee Wekesa alimwambia kijana mmoja mwenye kamera, "Hiyo ya kwanza nimefumba macho. Rudia. Lakini ya pili uje na sukari." Tulicheka wiki nzima. Lakini mzee mwingine pale mstarini alikuwa amejikojolea na hakuna aliyeona, kwa kuwa sote tulikuwa tunaangalia kamera. Mimi pia.

Na geti. Mlinzi ana amri, mzee hatoki bila mtu. Aliyepotewa na akili na mwenye akili zake zote, amri ni moja. Nimewahi kumrudisha mama mmoja kwa mkono, alitaka tu kwenda kuchagua sukuma wiki mwenyewe kwenye kibanda cha ng'ambo. Alinitazama njia nzima. Nilimwambia ni kwa usalama wako. Maneno hayo hayo Joel ameniambia juzi, neno kwa neno.

Alikuja Jumapili iliyopita na mfuko mpya wa magurudumu. Mfuko wa magurudumu, Kianda, baada ya mvua! Alifika ameubeba kichwani kama mama anayetoka sokoni, viatu vyote tope. Jirani yangu Mama Brayo alikuwa mlangoni kwake anachambua mboga. "Joel, huo ni wa kusafiri ama ni wa kubebwa?" akamuuliza. Joel hakucheka.

Niwaambie kilichomleta. Mwezi uliopita nilianguka. Choo chetu kiko mwisho wa kichochoro, ngazi tano za mawe, na moja imelegea. Nilirudi salama, nikaanguka ndani, mlangoni pangu, kama mtu aliyefanya makusudi. Ilikuwa asubuhi ya saa nne. Mama Brayo alikuwa ameenda sokoni, wapangaji wengine kazini. Goti lilikataa. Niliita. Redio ya mtu ilikuwa inaimba mbele kidogo. Nililala sakafuni mpaka watoto walipotoka shule wakasikia nikigonga mabati kwa kikombe. Saa nzima ya kwanza nilikuwa nawaza, kule Kawangware ningekuwa nimeinuliwa zamani, na mtu angekuwa ameshanigombeza kwa kutembea bila viatu.

"Dada," Joel akasema, "sisi hatulali. Kila simu ikilia mapema nadhani ni wewe."

"Mama Brayo hunigongea ukuta kila asubuhi."

"Mama Brayo anahamia kwa mwanawe Desemba. Ameniambia."

Mimi alikuwa hajaniambia.

"Si ni pale pale ulipofanya kazi? Unajua kila mtu."

"Ndio shida. Najua kila mtu."

"Ni kwa usalama wako," akasema, na akaanza kufungua zipu ya ule mfuko, aniwekee nguo chache nione kama zinatosha. Nilimpiga mkono. Mtu mzima ana wajukuu, nikampiga mkono kama aliyedokoa nyama. Tukaangaliana. Akaacha mfuko pembeni, akasema nitamjibu Jumapili.

Daftari nililiacha hapo siku kadhaa. Alhamisi sikuweza kuvumilia. Nilichukua boda hadi Kawangware bila kumwambia mtu, nikafika saa nne, saa ambayo wageni hawatarajiwi. Mlinzi alinijua akaniruhusu. Shiro, hukuniona, lakini nilikagua nyumba yenu kama mnunuzi wa ng'ombe.

Nilianza na gilasi za maji. Ukitaka kujua mahali panavyolea watu, angalia gilasi iko wapi. Mbili zilikuwa mbali na mkono. Niliangalia nyuma ya masikio, niliangalia kucha, viatu kama vimeelekezwa mahali mtu anaweza kuvivaa akiinuka. Kucha nzuri. Viatu vibaya, vyote vimesukumwa chini kabisa ya vitanda. Uji ulikuwa na vidonge vya unga. Nyuzi zangu kwenye mapindo zimekwisha, mmerudia kalamu, na mama mmoja alikuwa amevaa sweta yenye majina mawili. Lakini bafuni kuna vyuma vya kushikilia ukutani, kitu tulichoomba miaka yote tukaambiwa tungoje. Nilivishika. Nilivivuta kwa nguvu zangu zote. Havikutikisika.

Kisha nikaja chumba cha wanawake, nikasimama mlangoni. Kulikuwa na mama mgeni, ameletwa asubuhi hiyo, ameketi ukingoni mwa kitanda cha jirani na kile cha dirishani, mfuko wa kaki mapajani. Wewe Shiro ulikuwa umepiga magoti mbele yake. Mkono wako ulikuwa karibu na zipu. Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Ukamuuliza jina. Akasema Beatrice.

"Mama Beatrice, nikufungulie mfuko ama niuache?"

Akafikiri. "Wacha kwanza."

"Sawa. Nikuwekee wapi ndio uuone?"

Akaonyesha kiti. Ukaweka. Ukasema utamletea chai.

Niliondoka bila kusalimia. Barabarani nilikaa kwenye jiwe karibu na muuza mahindi. Miaka ishirini na miwili, Shiro. Mimi na Mama Kyalo tulitunga sheria nzima, tukaishika kama katekisimu, tukajivunia. Na hakuna siku hata moja tuliyomuuliza mzee. Wengine pengine walitaka mfuko ufunguliwe siku hiyo hiyo. Pengine walikuwa wamechoka kuubeba. Hatukujua, tulikuwa tunakisia na kujiita wajuzi. Kwa hivyo sheria niliyowaandikia hapo juu isomeni, lakini fanyeni hiyo yako.

Leo ni Jumapili. Joel amekuja na ameenda, na chai aliyoacha bado ina moto.

Nilimwambia nitaenda. Alianza kushukuru Mungu, nikamwambia angoje, sijamaliza. Chumba hiki cha Kianda kibaki, miezi mitatu, kilipiwe kama kawaida, na ufunguo ukae na mimi, si na yeye wala metroni. Geti nitatoka nikitaka, niandike jina kwenye kitabu cha mlinzi kama mtu mwingine yeyote anayepita, na yeye Joel akamwone metroni kabla sijaingia, nione akikubaliana naye kwa mdomo. Kazi nitafanya: nitaleta nyuzi zangu, wazee warudishiwe rangi zao. Na miezi mitatu ikiisha, nitaulizwa. Mimi, si wao wanne kwenye simu.

"Na ukisema unarudi hapa?"

"Nitarudi hapa."

"Na ukianguka?"

"Nitakuwa nimeanguka."

Alitazama sakafu, pale pale nilipolala siku ile. Nilijua anachoogopa, nami nilikuwa naogopa hicho hicho, lakini sikumwambia. Akasema kesho atakwenda kumwona metroni. Kisha akauliza nibebewe nini.

"Huo mfuko wako wa magurudumu rudi nao. Nina wangu wa kijani, unatosha."

"Na sanduku?"

"Sanduku linabaki chini ya kitanda."

Hadithi ya sanduku anaijua. Yeye alikuwa ndani yake, kwa namna ya kusema, hata kama hakumbuki. Aliinama akalisukuma nyuma kidogo, pale mguu wangu usiligonge, akaufuta mkono wenye kutu kwa suruali yake ya kanisani.

Kwa hivyo mtaniona Jumatatu ya wiki ijayo, saa nne, metroni akikubali. Msiniite shosho. Naitwa Nanjala. Goti ni la kushoto, kwa hivyo simameni upande huo. Chakula cha saa kumi na moja nifunikieni, nitakula nikiwa na njaa, na tukianza kubishana kuhusu hilo, vizuri. Dirisha silijali, nitamsikiliza Mama Beatrice anasemaje.

Mfuko wangu, uniulize. Nakwambia sasa hivi kwamba sijui nitajibu nini. Labda nitasema uweke kwenye kiti. Labda nitakuwa nimechoka, nikuambie fungua, na ukifungua utakuta nyuzi juu kabisa, rangi kumi na moja, usizichanganye. Na siku ukiingia na uji ukakuta kiti hakina mfuko na kitanda kimetandikwa, usipige kelele, wala usimtume mlinzi anikimbilie barabarani. Angalia kwanza kitabu cha getini. Jina langu litakuwa limeandikwa, na saa. Ngoja hadi jioni. Nikirudi, uniulize tena.